Mpambe Hana Kiti

Kwenye duka letu la dobi tulimwita Dada Pasi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Wateja walioshindwa kukumbuka hata rangi ya suruali zao walimkumbuka yeye. Walikuwa wanaingia, wanaegemea kaunta yangu na kuninong'oneza, "Hili shati anyooshe Dada Pasi mwenyewe." Mimi nilikuwa mapokezi. Nilipokea nguo chafu na visingizio, na nikiwa nimeamka vibaya nilimjibu mteja kwamba pasi zote zina moto uleule. Nilikuwa nasema uongo na mteja alijua.

Alisimama kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha lililotazama ua wa kuanikia. Alikuwa mrefu, si mwingi wa maneno, na mikono yake ilizeeka kabla ya uso. Gauni la harusi hakumwachia mtu. Alilipindua ndani nje, akaanza na bitana, akaja kwenye mikono, na kifua akakiacha mwisho kwa sababu ya shanga. Kati ya chuma na kitambaa alitandika kipande cha shuka kuukuu. Likiisha alilitundika kwenye bomba lililopita chini ya dari, na sisi tulishinda tukifanya kazi chini ya bibi harusi asiye na kichwa.

Alianza kazi pale akiwa msichana bado, na hakuja peke yake. Mama yao alikuwa ameugua kwa muda mfupi tu akafariki, akaacha mabinti wawili waliopishana sana umri. Huyu mkubwa alikuwa chuoni akisomea ualimu. Mdogo, tuliyemwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwema, ila wema wake mwingi ulikuwa barabarani. Alikuja, akalala, akaacha matumizi, akaondoka. Ndugu walikaa kujadili mtoto apelekwe kwa nani. Mjomba nyumba yake ndogo, shangazi presha inamsumbua, yule mwingine ana watoto wake tayari na nguvu hazimtoshi. Walikuwa bado wanajadili dada mtu alipoaga chuoni na kutafuta kazi ambayo ingemruhusu kufika na mtoto.

Mwenye duka alikubali kwa sharti kwamba mtoto asilie mbele ya wateja. Basi Kitinda alikulia kwenye kapu la shuka safi. Hoteli iliyotuletea kazi haikupata kujua kwamba shuka zake zililaliwa kabla ya wageni wake. Wote tulimbeba yule mtoto, sikatai, na mimi nilimfundisha kuhesabu vifungo. Lakini kumbeba mtoto mchana ukiwa na wenzako si sawa na kubaki naye nyumbani ana homa, huna wa kumwamsha. Hayo yalikuwa ya Dada Pasi. Na vikao vya wazazi shuleni, na kumtoa chawa, na kumweleza mambo ya usichana yalipofika, huku yeye mwenyewe hana tena mama wa kumuuliza.

Jambo moja alilishikilia. Mtoto alipoanza kusema alimwita mama, kama watoto wanavyomwita yeyote mwenye chakula. Dada Pasi alimnyanyua akampeleka mbele ya picha ukutani. "Mama ni huyu. Mimi ni dada." Alirudia hivyo mpaka mtoto akashika. Nilimwambia anajisumbua, aache tu, mtoto atachambua mwenyewe akikua. Akanijibu kwamba hawezi kumwibia marehemu.

Wachumba walikuja. Mmoja alikuwa fundi umeme, mtu wa heshima zake, aliyekuwa akileta shati moja lilelile kila wiki mpaka kola ikachanika. Alimtaka sana, lakini alimtaka yeye na si kapu zima. Dada Pasi alimrudishia shati lake limekunjwa vizuri, na yule fundi hakuonekana tena. Sikuwahi kumwona akimlilia. Nilimlilia mimi kidogo, maana alikuwa na meno mazuri.

Miaka ilikwenda. Baba yao alistaafu mgongo ukiwa umekwisha, akaoa mjane mwenye duka la madaftari na sare za shule. Wakati huo Kitinda alikuwa ameanza kuvaa viatu vya dada yake. Walimwita yule mama Mama Mdogo. Ningependa kusema kwamba alikuwa mkorofi, hadithi ingekuwa nyepesi kwangu. Hakuwa. Alikuwa mpole, msafi, mwenye kucheka polepole, na baba mtu alinenepa mikononi mwake. Kosa lake ni kwamba alifika mtoto ameshalelewa.

Kitinda alisoma, akawa fundi wa maabara hospitalini, akapata mchumba. Siku posa ilipokubaliwa, mvua ilikuwa inanyesha na nguo zote zilikuwa zimeingizwa ndani, hatuonani kwa mvuke. Dada Pasi alikuwa ananyoosha mapazia ya mtu. Akasema, bila kuniangalia, "Unajua ninachokitaka mimi?"

Nikamwambia sijui, maana katika maisha yetu yote pale sikuwahi kumsikia akitaka kitu kwa sauti.

"Nataka siku ile nikae kile kiti cha mbele. Waseme mama wa bibi harusi asimame, nisimame. Watu wanitazame. Mara moja tu, mwenzangu. Halafu nirudi kuwa dada."

"Si utakaa. Nani mwingine akae?"

"Sijui," akasema. "Nimeona niseme tu."

Alikuwa amekwisha chagua kitambaa. Aliniambia rangi yake, ya zabibu zilizoiva, na mikono mirefu kwa sababu ya makovu ya moto. Kwa wiki nzima alikuwa mchangamfu mpaka tukamwogopa.

Kitinda alikuja mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, na koti lake jeupe la maabara kwenye mfuko. Alipanda akaketi juu ya meza ya kunyooshea kama alivyozoea tangu utoto, miguu inaning'inia, mtu mzima na posa yake. Akasema marafiki zake wamegombana kuhusu nani awe mpambe, wawili hawasemezani, na amewamaliza wote kwa jibu moja.

"Nimewaambia nafasi ina mwenyewe. Dada, nataka uwe mpambe wangu."

Dada Pasi alicheka. "Mpambe wa umri wangu? Watu watadhani bibi harusi ni mimi, nimechelewa kufika."

"Waseme. Sitaki mtu mwingine anishike siku hiyo. Sitaki mwingine anivalishe. Mpambe ndiye mtu wa karibu kuliko wote, na wewe ndiye huyo. Ukikataa naahirisha."

Alisema hivyo macho yamemjaa machozi, na alimaanisha. Alikuwa ametafuta katika harusi nzima mahali pa heshima kupita pote, akapata, akampelekea dada yake mkononi. Dada Pasi alimtazama akamwambia ndiyo. Alimjibu haraka, kama mtu anayejibu mtoto aliyeita usiku. Wakakumbatiana, na mimi nikajifanya nahesabu tiketi za nguo.

Kitinda alipotoka nikamuuliza, "Na kiti?"

Alikuwa ameshaelewa. Niliona usoni. "Mpambe hana kiti," akasema. "Mpambe yuko nyuma ya bibi harusi. Akisimama unasimama, akienda unakwenda. Huwezi kuwa mama kule mbele na mpambe huku."

"Kwa hiyo atakaa nani?"

"Mke wa baba. Kiti hakiachwi wazi."

Nilikasirika. Nikamwambia kazi ni ndogo kabisa, amfuate mtoto hadi mlangoni amwambie, ataelewa, si mjinga yule. Nikamkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Nimeinama tangu nikiwa msichana," akasema, "na mgongo wenyewe unaniuma. Umemwona alivyofurahi? Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake siitaki, nataka nyingine?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Bibi harusi haombwi kitu, anaomba yeye. Na wewe usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Nikafunga mdomo, jambo ambalo halijawahi kuniafiki kiafya.

Kuanzia hapo aliuchukua upambe kama alivyochukua gauni la shanga. Kila mwanamke aliyeleta nguo za harusi kwetu baada ya sherehe alihojiwa. Nini kiliharibika? Nini kilisahaulika? Nani alilia, na kwa nini? Alijifunza kwamba chaki nyeupe huficha doa kwenye gauni hadi mwisho wa shughuli, kwamba bibi harusi anywe kwa mrija ili rangi ya midomo isitoke, kwamba ale biskuti mapema kwa sababu hakuna atakayekumbuka kumlisha, na kwamba viatu vya kubadilisha viwe vimevaliwa nyumbani kwanza. Akashona mkoba wa kitambaa, akatia sindano zenye uzi tayari, pini, leso, poda, dawa ya kichwa. Wale marafiki wawili waliogombana aliwapatanisha kwa kuwapa kila mmoja kazi kubwa isiyo na maana.

Mazoezi aliyafanya na mimi. Saa ya mapumziko alinifunga shuka ya hoteli kiunoni, ndefu hadi mlangoni, akanitembeza kati ya meza. Alitaka ajue namna ya kushika mkia wa gauni bila kumvuta mwenye gauni, namna ya kuugeuza kwenye kona, na namna ya kumpeleka bibi harusi msalani bila kuloanisha hata uzi. Hilo la msalani tulilifanya kwa uhalisi wote. Niko nimesimama, shuka imepandishwa hadi kwapani, Dada Pasi amechuchumaa nyuma yangu, mara akaingia mteja, bwana mmoja wa suti za kijivu. Akatutazama. Akaweka suti yake kaunta polepole, akasema atarudi kesho.

"Wewe tembea tu," Dada Pasi aliniambia tulipomaliza kucheka. "Bibi harusi anaangalia mbele. Mpambe haangalii mbele, anaangalia visigino vya bibi harusi. Ukimwona mpambe anaangalia watu, ujue gauni litakanyagwa."

Nilimuuliza kama bado anakitaka kiti. Akasema anakitaka. Akanifungua shuka na kuirudisha kwenye rundo la kufuliwa.

Mama Mdogo naye alikuja. Alileta gauni lake jipya linyooshwe, akasubiri mpaka kaunta ilipobaki tupu, kisha akapita moja kwa moja hadi meza ya mwisho. Mimi nilikuwa na sababu nyingi za kupanga hanga karibu na hapo.

"Mwanangu," akasema, ingawa walipishana umri kidogo tu na wote wawili walilijua hilo. "Wamenipangia kiti cha mama wa bibi harusi. Nimemwambia baba yako sijaridhika. Wewe unaonaje?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu, yule mama angeshukuru, kwa sababu hakuja kwa unafiki, alikuja kweli kuuliza. Nilisimama na hanga mkononi nikimwombea Dada Pasi aseme.

"Kaa, mama," akasema. "Mimi nitakuwa na kazi."

"Kweli?"

"Kweli. Nani atamshikia gauni? Wewe kaa, na ukae vizuri, usikunje kiuno, kitambaa hiki kinajikunja haraka."

Mama Mdogo alimshika mkono kidogo, akaondoka. Sikumsemesha Dada Pasi hadi jioni. Nilimnunia waziwazi, na yeye alininyooshea aproni yangu bila kuombwa, akaitundika kwenye msumari wangu.

Harusi ilifika. Asubuhi nilikuwa chumbani kwao kusaidia, yaani kukaa kitandani na kutoa maoni. Chumba kilijaa shangazi na manukato. Kila mmoja alikuwa na wazo kuhusu nywele. Dada Pasi aliwatoa mmojammoja kwa adabu, huyu akaangalie gari, huyu akamwulize mpiga picha amefika wapi, mpaka wakabaki wenyewe na mimi. Alimvalisha kuanzia chini. Alifunga vifungo vya mgongoni bila haraka, na Kitinda akasimama kimya kama alivyokuwa akisimama zamani kufungwa sare ya shule. Aliyelia ni mimi.

Ndoa ilifungwa salama. Dada Pasi alitia sahihi kama shahidi, akarudi nyuma ya gauni. Nguo yake ilikuwa ya rangi iliyochaguliwa na kamati ya marafiki, ya samawati iliyopauka, mikono mifupi. Makovu yalionekana. Yeye hakuyajali, alikuwa anaangalia visigino.

Ukumbini sisi wa dobi tulipewa meza nzuri, upande wa mbele, kwa ajili yake. Kwenye safu ya wazazi baba mtu alikuwa amekaa na suti iliyonyooshwa ikanyooka, na pembeni yake Mama Mdogo, kiuno wima kama alivyoagizwa. Niliwatazama nikala karanga kwa hasira. Dada Pasi aliweka chaki juu ya doa la juisi. Alimpa Kitinda maji kwa mrija. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi alipotaka kupanda jukwaani kuwahutubia maharusi bila kualikwa, alimpokea kwenye ngazi, akamsifia viatu, akamzungusha hadi kwenye meza ya vinywaji, na yule mama hakujua kamwe kwamba alizuiwa.

Kisha ikafika keki.

Mshereheshaji alikuwa na sauti ya mtu wa mnada. Wazazi wa bwana harusi walilishwa kwanza, wakapigiwa makofi, wakakaa. Halafu akamgeukia bibi harusi. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sahani mkononi, uma umechoma kipande cha keki. Safu ya wazazi ilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Dada Pasi alikuwa nyuma yake ameinama, anaunyoosha mkia wa gauni ulionasa kwenye mguu wa meza.

"Bibi harusi," akasema mshereheshaji, "sasa mpelekee keki mama. Mama aliyekubeba. Mama aliyekesha na wewe ukiumwa, aliyekufungulia mlango ukitoka shule. Mlishe mama yako tumwone."

Ni maneno anayoyasema kila harusi. Nimemsikia katika nyingine mbili na hajabadilisha hata nukta.

Mama Mdogo akasimama, akakunja mikono tumboni, akatabasamu.

Kitinda akageuka. Hakugeukia viti. Aligeuka nyuma, mzimamzima, gauni likamzunguka miguuni, na alikuwa ameshanyoosha uma. Dada Pasi alipoinuka kutoka kwenye mkia wa gauni alikuta kipande cha keki kipo mbele ya mdomo wake.

Watu wachache walicheka, wakidhani bibi harusi amepotea. Mpiga picha alishusha kamera. Mama Mdogo alikuwa amesimama peke yake, bado anatabasamu, lakini tabasamu limebaki usoni bila mwenyewe. Baba mtu alianza kuinuka, akakaa. Na Kitinda, nilimwona wazi kutoka mezani kwetu, uso wake ulikuwa unabadilika. Alikuwa ndiyo kwanza anaona alichofanya: si sasa hivi, bali siku ile alipoketi juu ya meza ya kunyooshea na kugawa nafasi.

Nilitaka ale. Sijawahi kutaka kitu cha mtu mwingine namna ile. Nilisema "kula" kwa sauti, na watu wa meza ya jirani wakanigeukia wakidhani nazungumza nao.

Dada Pasi aliitazama keki. Akamtazama mdogo wake. Midomo yake ilifunguka kidogo, nitakuwa shahidi wa hilo popote. Kisha akamwekea mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, akamgeuza, taratibu, kama anavyoligeuza shati mezani aanze upande wa pili, mpaka akaelekea viti. Akamwambia neno sikioni. Akauvuta mkia wa gauni kwa mguu usimkwaze, akauinua, akamfuata.

Kitinda alitembea huku analia. Alimlisha Mama Mdogo, na Mama Mdogo akamkumbatia kwa muda mrefu, macho yake yakiwa kwa yule aliyeshika gauni nyuma. Ukumbi ulipiga vigelegele. Mshereheshaji akafurahi, maana alikuwa amepata la kusema.

"Mmeona hiyo?" akauliza kwenye kipaza sauti. "Bibi harusi amepotea njia, mpambe kamrudisha. Huyo ndiye mpambe. Mpambe apigiwe makofi."

Alipigiwa makofi, marefu kuliko ya wazazi. Watu walimtazama. Aliinamisha kichwa kidogo, mikono yote miwili imejaa kitambaa cheupe.

Jumatatu tulifungua duka kama kawaida. Gauni lilikuwa limekuja kufuliwa, na Dada Pasi alikuwa ameshaanza kutoa chaki kwa brashi laini. Nilikuwa nimepanga niwe mtulivu. Sikuweza hata kufika chai.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," nikamwambia. "Hilo hata mlevi analijua. Mtoto kakuletea mwenyewe, mbele ya watu, mpaka mdomoni. Hukuomba, hukuiba. Kwa nini hukula?"

"Na yule mama aliyekwisha simama," akasema, "angekaaje tena?"

"Angekaa tu. Viti si vilikuwepo?"

"Na Kitinda angeikumbuka harusi yake hivyo, na baba yake kainama. Niliwekwa pale asikosee. Kazi yangu ilikuwa hiyo."

Nikamwambia kazi yake ilikwisha ile siku mtoto alipomaliza shule, na kwamba wema mwingine ni upumbavu uliooga. Aliendelea kupiga brashi. Nikamwuliza kama Kitinda alisema chochote baadaye.

"Alipokuwa ananipa mgongo nimfungue vifungo, alisema, 'Dada, sikujua.' Nikamwambia asimame wima, vifungo vinakatika."

"Basi?"

"Basi."

Mteja aliingia, nikamwambia asubiri nje.

"Iliniuma," akasema Dada Pasi. "Usidhani haikuniuma. Nilitaka kuila ile keki mpaka mate yakanijaa kinywani. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na nguo zilezile mpaka kukapambazuka." Aliacha brashi. Nilitegemea alie, nikasogea, lakini hakuwa analia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia asicheke mbele ya wageni. "Lakini wewe ulikuwa mbele. Mimi nilikuwa nimeinama, sikuona mwanzo wake. Nieleze. Alifikiri kwanza, au hakufikiri?"

"Hakufikiri," nikasema.

"Hakutazama viti?"

"Hakutazama. Aliambiwa mama, akageuka."

"Sema tena," akasema, na mimi nikamwambia tena.